Wema wa Dereva Mmoja

Petroli ilipoadimika Bujumbura, mwaka 2022 na tena kwa ukali zaidi 2024, magari yalianza kulala barabarani. Foleni ilianzia kwenye pampu, ikatoka nje ya kituo, ikakata kona na kuendelea hadi jicho lilipochoka. Madereva walilala ndani, wake zao wakawapelekea chakula na maji ya kunawa, vijana wakacheza karata juu ya boneti. Tulilalamika, na tulikuwa na haki: nauli ilipanda, bidhaa zikapanda, na jioni watu walirudi kwa miguu kutoka mjini hadi Kanyosha na Kamenge. Asije mtu akasoma haya akadhani naisifia shida ile.

Ila foleni ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ilikula njia moja nzima ya barabara. Pale ambapo magari mawili yalizoea kwenda sambamba upande mmoja, ikabaki nafasi ya moja, na yale yaliyokuwa na mafuta yakapita taratibu, moja nyuma ya jingine, kwa kuwa hapakuwa na pa kupenyea. Mimi huenda kufundisha Rohero kwa miguu kutoka Buyenzi. Kwa mara ya kwanza tangu utu uzima wangu nilivuka barabara kubwa bila kukimbia, bila kushika mtandio, bila kuomba dua nusu.

Nililisema hili barazani, na jirani yangu fundi bodi akacheka. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na yeye amenyoosha bati za magari ya mji huu tangu akiwa kijana. Hakuna anachokiamini ila alichokigonga kwa nyundo. "Mwalimu," akasema, "magari yamekwisha, ndiyo maana. Huna haja ya falsafa." Alikuwa na hoja, na niliibeba kwa siku kadhaa. Kisha nikaanza kutazama mahali foleni inapoishia. Barabara ni ileile, saa ni ileile, magari ni yaleyale machache. Kando ya foleni yanatambaa. Yakilipita gari la mwisho, njia ya pili ikifunguka mbele yao, dereva anakanyaga mafuta, yaleyale mafuta aliyoyalalia nje usiku mzima. Uchache haukumpunguzia mwendo. Ufinyu ndio uliompunguzia.

Fundi alipoona hilo kwa macho yake hakukubali wala hakukataa, alinionyesha jingine. Watoto walikuwa wanachomoza kati ya magari yaliyosimama, vichwa vyao chini ya usawa wa boneti, na dereva anayepita hawezi kuwaona mpaka wawe mbele ya tairi. Kwa hiyo foleni ilikuwa mwalimu wa nusu somo. Ilibana njia, lakini nafasi iliyobanwa haikupewa mtu wa miguu wala mwenye baiskeli. Ilijazwa ukuta wa mabati.

Nusu ya pili ya somo wengine walishaiandika zamani. Mwaka 1979 mji wa Billings, katika jimbo la Montana huko Marekani, ulichukua barabara moja ya njia nne, 17th Street West, ukaifanya ya njia tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya katikati kwa wanaosubiri kukata kushoto. Ajali zikapungua, na safari hazikuchelewa kwa kiasi cha kusumbua mtu. Miji mingi imefanya hivyo tangu wakati huo, na idara ya barabara kuu ya serikali ya nchi ile inakadiria kuwa ajali hupungua kwa asilimia 19 hadi 47. Yenyewe inashauri jambo hili lifanywe hasa pale magari yasipozidi kama 20,000 kwa siku. Haisemi kila barabara ibanwe.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo hujibu haraka: msongamano huu, halafu mnapunguza njia? Swali ni la haki, na ndilo lililonifanya nisimame muda mrefu zaidi kando ya barabara kuliko inavyompasa mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha. Nilichokiona ni kwamba mchana njia ya pili haipo. Imechorwa, au iliwahi kuchorwa, lakini haipo. Basi limesimama kushusha abiria, konvoyeri ananing'inia mlangoni akiita Kinama, Kinama. Mbele yake kuna gari lililoegeshwa na mwenyewe yuko dukani. Mbele zaidi mama amepanga nyanya ukingoni. Na kwenye njia ya ndani yupo anayetaka kukata kushoto, amewafungia wote. Magari yanasogea kwa upana wa njia moja. Kinachoamua nani afike lini ni ile rompwe, yaani mzunguko wa barabara, iliyo mbele, wala si upana wa lami iliyo kabla yake. Njia ya pili hurudi kuwa njia alfajiri, mchana wa Jumapili, na usiku wakati taa chache zinawaka. Yaani tunaitunza barabara pana ili itupe kasi katika saa zile ambazo hatuna haja ya kasi, na ambazo anayevuka haonekani.

Nimewahi kupiga hesabu na wanafunzi wangu ubaoni. Njia moja tukiipa mita tatu na nusu, barabara ya njia nne ina mita 14. Mtu mzima mwenye afya, anayetembea mita moja na kitu kwa sekunde, anahitaji kama sekunde 12 kuivuka. Gari la kilomita 50 kwa saa katika sekunde hizo limekwenda zaidi ya mita 160. Maana yake ni kwamba gari litakalomkuta katikati ya lami, yeye akiwa anaondoka ukingoni lilikuwa mbali kiasi kwamba hakulitilia maanani. Wanafunzi walikaa kimya, kisha mmoja akauliza, "Na bibi mwenye beseni la ndagala kichwani?" Sikuwa na haja ya kuongeza kitu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu wakiwa waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki, na kwamba hakuna kinachoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Linasema pia kwamba hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa huongezeka mara nne na nusu gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 65. Kwa dereva, tofauti hiyo ya 15 ni kusukuma kanyagio kidogo tu.

Sasa niseme kuhusu mpwa wangu. Alikuwa na miaka tisa, ametoka shule, amesimama kwenye zebra kama alivyofundishwa. Dereva mmoja wa njia ya pembeni alimwona. Akasimama. Akampungia mkono apite, tena kwa tabasamu. Mtoto akashukuru kwa kichwa, akaanza kuvuka, na alipotokeza mbele ya gari lile, jingine lilikuwa linakuja kwenye njia ya ndani. Dereva wake hakuwa mlevi wala hakuwa anaongea na simu. Aliona gari limesimama kulia kwake, akadhani linashusha mtu, kama yanavyosimama siku zote. Alivunja paja la mtoto. Alhamdulillahi, leo anatembea, na mpira anacheza kuliko wenzake.

Aliyekuja hospitalini siku baada ya siku ni yule wa kwanza, yule mwema. Alileta maziwa, alileta machungwa, alikaa kwenye benchi la korido bila kuongea. Siku moja akamwambia dada yangu, "Mama, mimi ndiye niliyemwita." Dada alimjibu kwa maneno ambayo sisi husema: ni makadara ya Mungu, usijilaumu, umefanya wema. Yote ni kweli, na hakuna lililomwondoa kwenye benchi lile.

Nimemfikiria mtu huyo kuliko nilivyomfikiria aliyegonga. Wema wake ulikuwa kamili, haukupungua kitu. Na ndio uliomficha mtoto. Gari lake, kwa kusimama, liligeuka pazia. Kwetu hapa pazia hilo ni zito zaidi, maana tunaendesha upande wa kulia ilhali magari mengi yana usukani wa kulia, yametumika Japani kisha yakashushwa bandari ya Dar es Salaam. Dereva amekaa upande wa lile gari lililosimama, kwa hiyo anachelewa zaidi kuona kilicho mbele yake. Kwenye RN1 ya kupanda Bugarama, anayetaka kulipita lori humuuliza abiria aliyeketi kushoto, "Kuko wazi?" Maisha ya watu wote yanakaa kwenye jicho la mtu aliyelipa nauli.

Barabara yenye njia moja kila upande, dereva mmoja mwema anatosha: akisimama, wote nyuma yake wamesimama, wapende wasipende. Barabara yenye njia mbili inadai wema wa watu wawili katika sekunde ileile, watu wasiojuana, mmoja wao haoni anachokiona mwenzake. Tumezijenga barabara zetu juu ya matumaini hayo, kisha kila ajali ikitokea tunahubiri. Tunasema madereva wawe waungwana. Lakini alikuwepo muungwana!

Tangu hapo nimebadilika katika jambo ambalo halihusu magari. Zamani nilipoona kitu kimeharibika, darasani, msikitini, kwenye chama chetu cha akiba, nilitafuta mtu mbaya. Sasa natafuta kwanza kama mpango wenyewe unadai watu wote wawe wema kwa wakati mmoja. Kwenye chama chetu kuna sanduku la fedha lenye kufuli tatu na wanawake watatu wa kuzishika funguo. Hatukuziweka kwa sababu mweka hazina ni mwizi. Mweka hazina wetu angeweza kuachiwa nyumba nzima. Tuliziweka ili uaminifu wake usipigwe mtihani kila usiku ambao mwanawe ana homa. Kubana barabara ni kufuli ya namna hiyo. Hakumtukani dereva.

Najua kuna atakayechukua habari hii ya kupunguza njia akaigeuza mawaidha ya kupunguza shughuli maishani, tuishi polepole, tunuse maua. Sina haja na hayo. Watu wa Bujumbura hawakimbii kwa kukosa hekima. Shemeji yangu, baba wa mtoto yuleyule, ni dereva wa Hiace, na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari, mafuta yamepatikana au hayakupatikana, abiria wamepanda au wametembea. Nilipomweleza hoja yangu ya pazia alinyamaza sana, kisha akasema, "Shemeji, nikuambie ukweli wa Mungu. Ningekuwa kwenye njia ile ya ndani, na mimi ningepita." Alisema hivyo mwanawe akiwa na plasta mguuni, na sijawahi kumheshimu kama siku ile. Haraka haraka haina baraka ameisikia tangu utotoni, amewaambia wanawe, na nadhani imeandikwa mahali fulani kwenye basi lake. Methali haijawahi kumpunguzia mtu mwendo penye lami tupu. Hesabu ya jioni ina sauti kubwa kuliko wahenga.

Serikali nayo imejaribu kupunguza. Kuanzia tarehe 21 Machi 2022, pikipiki, tuk-tuk na baiskeli za abiria zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Wapo waliofurahi, na siwezi kusema hawakuwa na sababu. Motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria, akiamua kupita juu ya njia ya miguu utajua kwa nini. Lakini tazama kilichopunguzwa: walipunguzwa wadogo, na upana ukabaki palepale. Mnyonzi, yaani mwendesha baiskeli ya abiria, aliyekuwa akimbeba mama na mzigo wake hadi mlangoni aliambiwa akomee mpakani, na mama akashuka kutembea, akaongeza idadi ya wanaovuka kwa miguu. Gari likapata nafasi zaidi. Mimi nilizisikia injini zikishangilia.

Majirani zetu wana mafunzo ya pande zote mbili. Nairobi ilikamilisha barabara kuu ya Thika mwaka 2012, njia nane na zaidi mahali pengine, fahari ya Afrika Mashariki. Watu wa miguu wakafa wakiivuka, na madaraja ya kupitia juu yakafuata. Hata yalipojengwa, wapo waliokata chini, kwa sababu daraja linamtaka mwenye haki ya kuvuka apande ngazi ili mwenye gari asipunguze mwendo. Dar es Salaam kuna kazi ya shirika la Amend, ambayo naiona ya akili kuliko flaiova zote: walikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto hugongwa, wakaweka njia za miguu, matuta, vizuizi na vivuko, vitu vya bei ndogo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya WRI Ross, tuzo ya kimataifa ya miji. Kigali waliufunga mtaa wa katikati ya mji kwa magari mwaka 2015. Wenye maduka walinung'unika mwanzoni, leo watu hutembea hapo.

Ustadhi wangu wa madrasa, Mungu amrehemu, alikuwa akitufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na lililo chini kabisa ni kuondoa njiani kitu cha kumdhuru mpita njia. Sisi watoto tulitoka pale tukashindana kuokota mawe na miiba avenyu nzima. Nikiwa mtu mzima nimejiuliza: na kama kitu chenye kudhuru si jiwe? Kama ni mita saba za lami zisizo na kazi? Utaziinamiaje uziokote? Sidhani kama ustadhi angecheka swali hili. Angesema labda tuanze na tunachoweza kukibeba.

Na tunachoweza kukibeba Buyenzi ni matairi. Wazo ni la fundi bodi, yuleyule aliyenicheka. Nyuma ya gereji zetu kuna vilima vya matairi yaliyokwisha, ambayo hukusanya maji ya mvua na kuzaa mbu. Yapakwe chokaa, yapangwe mbele ya shule yetu moja tu, upana wa njia moja kila upande, na nafasi inayobaki iwe ya watoto na baiskeli. Katikati ya zebra tuweke kisiwa kidogo cha kusimama, ili bibi mwenye beseni avuke nusu, apumue, avuke nusu nyingine. Tutazame kwa miezi michache. Ikiwa foleni itafika barabara ya Rwagasore tukiwa tumewafungia watu njia, tutayaondoa kwa mikono Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jumuiya, na hakuna mkopo wa benki utakaokuwa umepotea.

Shemeji alisikiliza, akatia sharti: mabasi yakatiwe nafasi ya kuingia pembeni kushusha abiria, la sivyo Hiace moja ikisimama itawasimamisha wote nyuma yake na yeye ndiye atakayetukanwa. Nililiandika kwenye barua ya ombi tunayoiandaa, kwa kuwa ni kweli. Barabara nyembamba isiyo na mahali pa basi ni ugomvi wa siku nzima. Fundi naye anasema matairi ya wazi hayatamaliza wiki, washona ndara watayachana nyayo usiku, kwa hiyo yajazwe zege. Zege ni fedha. Tulibishana juu ya nani atachangia mifuko ya simenti mpaka adhana ya isha ikatukata. Barua yenyewe, kwa komine ya Mukaza, imefika ukurasa wa pili na bado inakosa mchoro. Fundi ameahidi kuuchora, kwa sharti kwamba mimi niandike vipimo, maana anasema walimu hatujui kupiga mstari ulionyooka.